Dumuzi Kihengeni: Tutafute Fundisho, Tusitafute Mkosaji

Makala hii inaanzia kwenye kihenge cha mahindi na inaishia kanisani. Inawahusu zaidi wasomaji Wakristo, lakini habari ya mahindi ni ya kila mwenye shamba.

Mwaka juzi nilitembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja. Mwanakisomo mmoja, mama mjane anayelea wajukuu watatu, hakuwepo. Huyu mama si mtoro. Kwa hiyo baada ya kipindi nikaenda nyumbani kwake. Nikamkuta ameketi karibu na kihenge chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uone."

Akachota mahindi kwa kiganja akanionyesha. Yalikuwa maganda na unga mtupu. Dumuzi walikuwa wamekula karibu nusu ya chakula chake cha mwaka.

"Mwalimu," akasema, "mahindi yamekwisha, basi, nitahangaika. Lakini watu wanasema hii ni adhabu. Ati kwa sababu sikutoa sadaka ya mavuno. Sasa kanisani naona haya kwenda, na darasani vilevile. Hivi kweli Mungu ndiye aliyenitumia wadudu hawa?"

Swali lile ni zito, na si la mama yule peke yake. Wengi wetu tunapenda kutafuta mafundisho ya Mungu katika mambo ya kila siku. Ni jambo jema. Lakini tusipoangalia, fundisho hugeuka kuwa fimbo ya kumpigia jirani.

Yesu na vitu vya nyumbani

Yesu alifundisha kwa vitu ambavyo wasikilizaji wake waliviona kila siku. Katika Mathayo sura ya 13 tunasoma juu ya mpanzi, magugu, mbegu ya haradali, na mwanamke anayetia chachu katika unga. Katika Luka sura ya 15 yupo mwanamke mwenye sarafu 10. Moja inapotea, naye anawasha taa na kufagia nyumba mpaka aipate.

Angalia jinsi alivyofundisha. Hakukurupuka. Katika mfano wa mpanzi anaeleza kwanza mbegu ilianguka wapi: njiani, penye mawe, penye miiba, na penye udongo mzuri. Kila mahali panaleta matokeo yake, na mkulima yeyote anakubali kwamba ndivyo ilivyo. Kwanza jambo lenyewe liwe kweli, ndipo fundisho lifuate.

Fundisho alilolikataa

Lakini yako mafundisho ambayo Yesu aliyakataa. Katika Luka sura ya 13 anataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Anauliza kama watu wale walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Jibu lake mwenyewe ni hapana. Kisha anawageukia wasikilizaji na kuwaambia watubu wao wenyewe.

Tena katika Yohana sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu anasema si yeye wala wazazi wake. Halafu anamponya.

Basi sisi ni nani hata tujue dhambi ya mtu kwa kutazama kihenge chake?

Tumtazame mdudu mwenyewe

Dumuzi ni mdudu mdogo, wa rangi ya kahawia iliyoiva. Sehemu nyingine anaitwa Skania. Asili yake si hapa kwetu. Ametoka Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Hapa Tanzania taarifa za kwanza zilitolewa mwaka 1981, alipoonekana mkoani Tabora. Tangu hapo amesambaa nchi nyingi za Afrika.

Anapenda sana mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa bado kwenye magunzi. Gunzi humpa mahali pa kujishikiza anapotoboa punje. Anakula pia makopa ya muhogo, na hutoboa hata miti ya kihenge. Kwa hiyo kihenge cha zamani kinaweza kubaki na wadudu wa mwaka jana.

Mama yule alihifadhi mahindi kwenye magunzi, katika kihenge kilekile cha siku zote, kama alivyofundishwa na wazazi wake. Hapo ndipo dumuzi alipopata nafasi.

Nilirudi pale nikiwa na bwana shamba. Tuliomba ruhusa tukaangalia vihenge vya majirani. Tukakuta dumuzi nyumba tatu, hata kwa mzee aliyetoa sadaka kubwa kuliko wote. Maneno ya adhabu yakaisha siku hiyo hiyo.

Bwana shamba alitueleza hivi:

1. Vuna mapema mahindi yanapokauka. Usiyaache shambani muda mrefu.

2. Pukuchua, kisha kausha vizuri juani juu ya turubai. Kama una wasiwasi, tia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi bado yana unyevu.

3. Safisha ghala. Choma mabaki ya zamani.

4. Tumia dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Usitumie kamwe dawa ya pamba kwenye chakula.

5. Au tumia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Ukiifunga vizuri, wadudu hufa kwa kukosa hewa, na huhitaji dawa.

Je, haya ni mambo ya dunia tu? Isaya sura ya 28 anasema sivyo. Anamweleza mkulima anayejua kwamba punje ndogo hupigwa kwa fimbo wala hazipitishiwi gurudumu, na kwamba kila zao lina njia yake. Anasema ujuzi huo umetoka kwa Mungu. Basi anayejifunza kuhifadhi mahindi yake hajamwacha Mungu nje ya ghala.

Basi fundisho liko wapi?

Fundisho lipo. Dumuzi huingia kimya kimya. Kwa nje hindi ni zima, kumbe ndani limebaki unga. Mimi nikimwona mdudu huyu najiuliza: ni kitu gani kinachonila ndani, wakati watu wananiona mzima? Ni kinyongo? Ni uongo mdogo mdogo? Swali hilo najiuliza mimi juu ya nafsi yangu. Nikianza kumuuliza jirani, nimekwisha kupotea njia.

Ukitaka kupima kama fundisho ulilolipata ni jema, jiulize mambo matatu. Je, nimelijua jambo lenyewe kwa kweli? Je, fundisho hili linanirekebisha mimi, au linamshitaki mwenzangu? Je, linanituma kwenda kusaidia?

Mama yule alisaidiwa. Jumamosi iliyofuata wanakisomo na baadhi ya waumini walikwenda kupukuchua mahindi yaliyobaki. Kila mmoja alichukua debe moja la mahindi yake kumpelekea. Mmoja wa waliosema maneno yale naye alikuja. Hakuhutubia. Alikaa chini akapukuchua mpaka jioni, kisha akamwambia, "Mama, nisamehe." Mama akajibu, "Nimekusamehe, mwanangu. Nipe hilo gunzi nikawashie moto, unywe chai."

Jumatatu alirudi darasani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, katika kijiji chetu yupo mtu anayeona haya kwa sababu ya msiba au hasara iliyompata?

2. Ni nini tulichosema juu yake, na ni nini tulichomfanyia?

3. Mahindi yetu ya mwaka huu tumeyahifadhi namna gani?