Lakiri Inayolinda Kontena Hadi Kampala

Lori linalotoka Bandari ya Mombasa kwenda Kampala lina safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Zamani tatizo halikuwa umbali, bali makaratasi. Mzigo uliweza kukaa siku 18 njiani, huku madereva wakikesha kwenye foleni ya mpaka wa Malaba wakisubiri mihuri ya nchi mbili.

Mwaka 2014, Himaya Moja ya Forodha, mpango wa pamoja wa forodha wa nchi za Afrika Mashariki, ilianza kubadili mambo. Ushuru ukawa unalipwa kabla mzigo haujaondoka bandarini, na safari ikapungua hadi takriban siku 4.

Mwaka 2017, Kenya, Uganda na Rwanda zikaongeza lakiri ya kielektroniki. Kifaa hicho hufungwa kwenye mlango wa kontena na kutuma taarifa za mahali lilipo. Dereva akichepuka, au mtu akijaribu kuufungua mlango, maofisa wa forodha huona kwenye skrini zao na kutuma kikosi kilicho karibu.

Faida haziishii kwenye kuzuia wizi na ukwepaji kodi. Lori lisilokwama mpakani hupiga safari nyingi zaidi, halichomi dizeli bure, wala mtaji wa mfanyabiashara haulali barabarani.

Hata hivyo, mwaka 2020 upimaji wa korona ulirudisha foleni za kilomita nyingi Malaba. Kifaa pekee hakitoshi: serikali hazina budi kuoanisha taratibu zao, na waagizaji wakamilishe nyaraka kabla meli haijatia nanga.