Je, Wajua? Wi-Fi ya Bure kwa Kisiwa Kizima

Je, wajua kwamba nchi ya kwanza duniani kutangaza Wi-Fi ya bure kwa wananchi wake wote ilikuwa na watu wasiofika 2,000? Jina lake ni Niue, kisiwa cha matumbawe chenye ukubwa wa kilometa za mraba 260 hivi, peke yake katikati ya Pasifiki, takriban kilometa 2,400 kutoka New Zealand. Tangazo hilo lilitolewa mwaka 2003, wakati wengi wetu Afrika Mashariki tulikuwa tukienda intaneti kafe na kulipia kwa dakika.

Sababu ya kuchagua Wi-Fi ilikuwa ya kivitendo. Mvua, radi na hewa ya chumvi huharibu upesi nyaya za shaba zilizofukiwa ardhini, hivyo mawimbi ya redio yalikuwa njia rahisi zaidi ya kufikia vijiji. Haja nayo ilikuwa kubwa: Waniue wanaoishi New Zealand wanazidi 20,000, mara kumi na zaidi ya waliobaki nyumbani. Bibi aliyeko Alofi, mji mkuu, wajukuu zake wako Auckland.

Je, wajua fedha zilitoka wapi? Kila nchi ina herufi mbili za kumalizia anwani za tovuti: Tanzania ina .tz, Kenya .ke. Niue ilipata .nu, na bahati ikawa kwamba "nu" maana yake ni "sasa" kwa Kiswidi, Kidenishi na Kiholanzi. Wafanyabiashara wa Ulaya wakazinunua anwani hizo kwa wingi. Aliyekuwa akiziuza ni Mmarekani, Bill Semich, na sehemu ya mapato ndiyo iliyogharimia mtandao wa kisiwani. Tangu mwaka 2013 .nu inaendeshwa na taasisi ya Sweden, na serikali ya Niue imepigania kurudishiwa herufi zake hadi katika mahakama za huko. Naona madai yao ni ya haki. Jina la nchi ni mali ya nchi, hata kama nchi yenyewe ina shule moja tu ya msingi na moja ya sekondari.

Wanafunzi wa shule hizo, 500 hivi, walipewa kila mmoja laptopu mwaka 2008. Hakuna nchi iliyowahi kufanya hivyo kabla yao. Miaka minne tu nyuma yake, Januari 2004, kimbunga Heta kilikuwa kimepandisha mawimbi juu ya majabali ya Alofi na kuibomoa hospitali.

Hata hivyo, Wi-Fi ya bure haikuwa na kasi ya kuringia. Mawimbi yalifika kijijini, lakini ili ujumbe utoke kisiwani ulipita kwenye satelaiti, na njia hiyo nyembamba iligawanywa kwa watu wote waliokuwa mtandaoni. Miradi mingi ya intaneti ya umma huliepuka jambo hili: huhesabiwa minara na vituo, ilhali kinachoamua kama mtoto ataweza kufungua somo lake ni upana wa njia inayotoka nje ya nchi. Kwa Niue njia pana zaidi ilikuja baadaye: mkongo wa baharini wa Manatua, unaoziunganisha Samoa, Niue, Visiwa vya Cook na Polinesia ya Ufaransa, ulikamilika mwaka 2020.

Je, wajua Tuvalu, nchi nyingine ndogo ya Pasifiki, ililipiaje safari yake ya kujiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 2000? Kwa fedha za kukodisha herufi zake, .tv, ambazo kampuni za video na televisheni zinazipenda mno. Fedha hizo pia ziliweka lami barabarani Funafuti, mji wake mkuu. Kinachouma ni kwamba kwa miaka mingi baadaye Watuvalu wenyewe walitegemea satelaiti pekee, na video zilizobeba jina la nchi yao wao walizifungua kwa shida.

Tokelau, jirani yao mwenye watu 1,500 hivi na asiye na uwanja wa ndege, ilipata simu mwaka 1997. Herufi zake, .tk, ziligawiwa bure na kampuni ya Kiholanzi hadi zikafika mamilioni, nyingi zikaishia mikononi mwa matapeli.

Je, wajua volkano inaweza kuzima intaneti ya nchi? Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ililipuka chini ya bahari na kuukata mkongo wa kilometa 827 kati ya Tonga na Fiji. Tanzania ilionja tatizo kama hilo tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika kwa pamoja na mtandao ukadorora kwa siku kadhaa, ingawa zilikuwapo njia nyingine za kupitishia mawasiliano. Tonga, kwa upande wake, ilikuwa na mkongo ule mmoja tu wa kimataifa. Meli ya matengenezo, Reliance, ilitoka Papua New Guinea, na mawasiliano ya kisiwa kikuu yakarudi Februari 22, baada ya wiki tano. Mkongo wa ndani unaokwenda visiwa vya Vava'u ulikuwa umeharibika vibaya zaidi. Watu wa huko waliendelea na satelaiti hadi mwaka 2023.