Kioo, fuwele na mrundikano wa chembe

Katika matini za fizikia, kioo si kitu cha dirishani au cha kujitazamia tu. Neno hili hutaja pia hali ya maada ambamo chembe zimekwama pasipo kujipanga. Fuwele ni kinyume chake: chembe zake zimekaa safu kwa safu. Mfasiri akichanganya maneno haya mawili, msomaji ataelewa jambo lisiloandikwa.

Chukua debe la gololi zenye ukubwa mmoja. Ukizimimina ovyo na kulitikisa debe, zitashuka kidogo kidogo, kisha zitagoma. Hapo zimejaza takribani asilimia 64 ya nafasi, ilhali zingepangwa kwa utaratibu zingefikia asilimia 74. J. D. Bernal, mwanafizikia wa Chuo cha Birkbeck, London, alichunguza marundo ya aina hiyo kwa gololi za chuma, akitafuta kujua viowevu vimejengwaje. Katika marundo hayo aliona maumbo ya pembe tano yakijirudia. Pembetano sawa haziwezi kutandazwa kama vigae bila kuacha mianya. Ndiyo maana zinapozidi, safu za fuwele hupata taabu kuanza.

Mwaka 1986 Pusey na van Megen walionyesha jambo hilohilo kwa vitufe vidogo mno vya plastiki vilivyoelea katika kiowevu. Vilipokaribia asilimia 58 ya ujazo, kila kimoja kilizingirwa na jirani zake kama kuku tunduni, na fuwele haikuota sawasawa. La kustaajabisha ni kwamba picha ya mrundikano kabla na baada ya kukwama hutofautiana kidogo sana. Kinachobadilika mno ni mwendo.

Kwa hiyo kitenzi kuganda, peke yake, hakitoshi. Maji huganda yakawa barafu, ambayo ni fuwele. Damu nayo huganda, wala si fuwele. Andika kuganda bila kujipanga, au kuingia hali ya kioo. Binafsi ningeepuka kuwa kama kioo, kwani kwa wengi usemi huo ni sifa ya bahari iliyotulia au maji maangavu. Vilevile, kwa chembe zilizokaa ovyo, mrundikano hufaa kuliko mpangilio. “Mpangilio usio na mpangilio” humchosha msomaji bure.

Mfano: Vitufe viliposongamana zaidi, mrundikano uliingia hali ya kioo kabla fuwele haijaanza kuota.