Jalada la Jumuiya, namba ya nchi

Tangu pasi mpya za kielektroniki zizinduliwe, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2018, swali halijaisha kwenye vibaraza vya Deira, Dubai: ikiwa jaladani pameandikwa "Jumuiya ya Afrika Mashariki", mwenye pasi ni raia wa wapi?

Wa nchi yake. Jina la Jumuiya limekaa juu, lakini nembo ya dhahabu ni ya taifa: Wakenya wana simba wawili na jogoo kwenye ngao, Watanzania wana bibi na bwana walioshika pembe za ndovu. Ukurasa wa picha unamaliza ubishi. Kati ya mistari miwili ya chini, ile inayosomwa na mashine, wa kwanza unaanza na herufi P, kisha KEN, TZA au UGA. Jumuiya haimo. Fomu ya viza ikiuliza uraia, hujazwa nchi, na Mganda hawezi kutengenezewa pasi na ubalozi mdogo wa Kenya kwa kuwa majalada yanafanana.

Watu wananaswa kwenye namba.

Tangu 2022 Dubai haibandiki tena viza ya ukaazi ndani ya pasi. Kitambulisho cha Emirates kimechukua nafasi yake. Ukaazi sasa umo kwenye mfumo, umefungwa na namba ya pasi. Pasi mpya huja na namba mpya, na mfumo unaendelea kuijua ile ya zamani. Mtu anakwenda likizo Mombasa, siku ya kurudi mhudumu wa kaunta anaingiza namba mara mbili, mara tatu, ukaazi hauonekani. Mizigo imeshapimwa, na kazini anasubiriwa kesho asubuhi.

Inaudhi kwamba mtu hukabidhiwa pasi, akatia sahihi, akaondoka bila kuambiwa jambo hili. Kikaratasi kimoja kingetosha.

Basi kabla ya kukata tiketi, mwenye pasi mpya aende kituo cha Amer, kinachoshughulikia viza Dubai, na pasi zote mbili pamoja na kitambulisho, abadilishiwe namba. Pasi ya zamani asafiri nayo, hata kama imeshakatwa kona. Na wazazi wasijisahau: kila mtoto ana faili lake, na baba akirekebisha la kwake, la mtoto linabaki vilevile na namba ya zamani.