Pikapu Ikivuma Nyuma



Msimu wa karafuu ukikaribia, kila mmoja wetu hutazama majamvi, magunia na kamba. Ni wachache waitazamao pikapu. Leo twapenda kueleza habari ya beringi ya ekseli ya nyuma, kitu kidogo ambacho kikifa chaweza kumpotezea mtu mavuno ya siku nzima, na hata roho za watu.

Katika pikapu nyingi zitumikazo hapa Unguja, gurudumu la nyuma limefungwa kwenye ncha ya mti wa ekseli wenyewe. Uzito wote wa upande ule hukaa juu ya beringi moja. Karibu yake pana sili ya mpira, izuiayo mafuta ya difu yasiingie katika breki.

Beringi huharibika kwa sababu nyingi, lakini kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kupakia kupita kiasi. Ya pili ni maji. Gari iliyotoka mwendo mrefu, ekseli yake huwa moto. Ikiingia ghafla katika maji ya mvua, au ya bahari kule Mkokotoni, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, ikavuta maji kupitia kwenye sili iliyochoka. Ya tatu ni kuziba kwa kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli. Hapo hewa ya moto hukosa njia, ikasukuma mafuta nje.

Dalili ya mwanzo ni mvumo unaozidi kila mwendo ukizidi. Wengi hudhani ni mipira. Lakini mvumo wa mpira hubadilika gari ikitoka kwenye lami na kuingia njia ya udongo. Wa beringi hubaki ule ule, ila mara nyingi huzidi au hupungua kwenye kona.

Ukiusikia, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua nyuma kwa jeki, na uweke gogo imara chini ya ekseli. Toa gea, na ulegeze breki ya mkono. Shika mpira juu na chini uutikise, kisha uuzungushe. Ukicheza sana au ukikwaruza, beringi imekwisha. Tazama pia upande wa ndani wa gurudumu: mafuta yakionekana, sili imekufa, na huenda breki zimelowa.

Fundi asiipige beringi mpya kwa nyundo. Iingizwe kwa presi. Sili na pete inayoishika beringi zibadilishwe pamoja nayo, na breki shuu zilizolowa mafuta zisirudishwe.

Tuseme mtu amepuuza. Magharibi gari yatoka Donge na karafuu mbichi, wachumaji wamekaa juu ya magunia. Pete ikiachia, gurudumu huchomoka pamoja na mti wa ekseli. Mwenyezi Mungu akiwanusuru watu, bado karafuu zitalala zimerundikana, zipate joto, zichachuke, na asubuhi rangi yake nzuri imekwenda. Mnunuzi hatauliza habari ya beringi. Atatazama karafuu tu.

Kwa hivyo twawaomba wanachama wazikague pikapu zao kabla ya kuchuma kuanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.