Kompyuta za vyuo Iringa na Mbeya: bei ya kununua si bei ya kuendesha

MFANYABIASHARA wa vifaa vya ofisi aliyeko Mafinga, Iringa au Mbeya, akitaka kujua kwa nini kompyuta nyingi za vyuo hufa mapema, aanzie Mgololo. Huko hakuna chuo kikuu. Kuna kiwanda cha karatasi, na hesabu zake zinafanana mno na hesabu za maabara ya kompyuta.

Kiwanda hicho, kilichojulikana kama Southern Paper Mills, kilijengwa wilayani Mufindi kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, kando ya reli ya TAZARA na jirani na msitu wa Serikali wa Sao Hill. Kilianza uzalishaji mwaka 1985 kikiwa na uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka. Magogo yalikuwapo na mitambo ilikuwa mipya. Kilichokosekana ni fedha za uendeshaji, kwani vipuri na madawa ya kiwandani vilinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo miaka ile. Kiwanda hakikufikia uwezo wake. Kilisimama katika miaka ya 1990, na mwaka 2004 kikabinafsishwa kwa kampuni ya Rai ya Kenya. Leo kinaitwa Mufindi Paper Mills na kinatengeneza zaidi karatasi ngumu za kufungashia. Rimu za A4 zinazouzwa katika steshenari za Mafinga, wilaya hiyo hiyo, hutoka ng'ambo.

Kwa maneno mengine, mtaji ulitoka kwa wafadhili lakini gharama za kila siku zilitakiwa kutoka mfukoni. Hali ya kompyuta vyuoni ni hiyo hiyo, na kwa mfanyabiashara anayeuzia vyuo hilo ndilo jambo la kuangalia kabla ya kuangalia bei ya kompyuta yenyewe.

Serikali iliwahi kuungua na jambo hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Hazina iliingiza mashine kubwa ya kompyuta kutunza hesabu zake. Hesabu zikavurugika na fedha zikapotea, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Masharti hayo hayakulegezwa hadi miaka ya 1980. Mashine haikuwa na kosa kubwa kuliko mashine nyingine za wakati ule. Ilikosa watu wa kutosha walioijua.

Soko la sasa ni kubwa. Mkoani Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 2005. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2012 kutoka kilichokuwa chuo cha ufundi, na Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, mbali na matawi ya vyuo vya Dar es Salaam na Morogoro. Kila kimoja kinahitaji mfumo wa udahili, wa ada, wa matokeo na wa maktaba.

Mahitaji hayo yaliongezeka ghafla mwaka 2017. Tangu mwaka 2010 maombi ya kujiunga na vyuo vikuu yalikuwa yakipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Utaratibu ulipobadilishwa mwaka 2017, waombaji wakaanza kupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, na kila chuo, kikubwa kwa kidogo, kikalazimika kuwa na mfumo wake wa kupokea maelfu ya maombi katika wiki chache. Mwaka huo huo vyuo vya umma, kama taasisi nyingine za Serikali, vilianza kuingizwa katika mfumo wa malipo wa Serikali wenye namba maalumu ya malipo, ile ambayo kila mzazi sasa anaiita kontroo namba. Mfumo ukilala wiki ya usajili, mwanafunzi hapati namba, hawezi kulipa, na chuo hakioni shilingi.

Mfumo hulala kwa sababu gani? Sababu ya kwanza ni umeme. Chukua mfano wa maabara ya kompyuta 50, kila moja ikila wati 150. Hizo ni kilowati 7.5. Zikiwashwa saa 8 kwa siku zinakula uniti 60. Kwa bei ya kawaida ya Tanesco ya takriban Sh 356 kwa uniti pamoja na kodi, gharama ni kama Sh 21,400 kwa siku. Umeme ukikatika na chuo kikawasha jenereta, lita moja ya dizeli hutoa kama uniti 3, hivyo zitahitajika lita 20. Dizeli ikihesabiwa kwa Sh 2,800 kwa lita, siku hiyo hiyo itagharimu Sh 56,000, bila kuhesabu oili na matengenezo. Katika mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, hesabu ya aina hii ilikuwa ya kila wiki kwa yeyote mwenye mashine.

Nyanda za Juu Kusini zina tatizo la ziada, nalo ni radi za masika. Radi ikipiga karibu, haichomi taa peke yake. Huingia kwa waya wa umeme au wa mtandao ikaunguza vifaa vya mawasiliano, na kifaa kidogo kilichoungua kinaweza kuzima jengo zima. Waya mzuri wa ethi na vizuia radi ni sehemu ndogo ya gharama ya maabara, lakini mara nyingi havimo kwenye zabuni kwa kuwa aliyeandika zabuni alihesabu kompyuta tu. Mzabuni mwenye akili huviweka kwenye bei yake na kueleza sababu. Vivyo hivyo kwa betri za UPS, zile zinazoshikilia umeme kwa dakika chache ili kazi ihifadhiwe: hudumu miaka michache, na fedha za kuzibadilisha ni nadra kutengwa.

Sababu ya pili ni mtandao. Hapa hali imekuwa nafuu sana. Kabla ya mwaka 2009 chuo cha Iringa au Mbeya kilichotaka intaneti ya uhakika kilifunga dishi la setilaiti na kulipia kwa dola, tena kwa kasi ndogo. Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010, na mkongo wa taifa ukajengwa kupitia Iringa na Mbeya hadi mpaka wa Zambia. Vyuo na taasisi za utafiti, ambavyo vilikuwa vimeunda umoja wao uitwao TERNET mwaka 2008, vikaweza kununua kwa pamoja. Mfanyabiashara anaelewa mantiki yake bila maelezo: ni sawa na wenye maduka watano kuchangia kontena moja badala ya kila mmoja kununua kwa katoni Kariakoo.

Hata hivyo nafuu si usalama. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja katika Bahari ya Hindi na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Chuo chenye mfumo wake wote kwenye kompyuta iliyoko nje ya nchi hukwama siku kama hiyo, ilhali chenye nakala yake ndani hufanya kazi polepole lakini hufanya. Anayeuza huduma ya kutunza nakala za kumbukumbu hapa hapa nchini ana hoja ya kibiashara, alimradi asiiuze kama hofu.

Sababu ya tatu ni dola, na hapa ndipo wafanyabiashara wengi wamepoteza fedha zao wenyewe. Programu nyingi hulipiwa leseni kila mwaka kwa dola. Leseni ya dola 10,000 ilikuwa kama Sh milioni 23.3 mwanzoni mwa 2023, dola ikiwa karibu Sh 2,330. Katikati ya 2024 dola ilipita Sh 2,600 na kuwa adimu benki. Kwa Sh 2,650, leseni ile ile ni Sh milioni 26.5. Bajeti ya chuo ilikuwa imeshapitishwa kwa bei ya zamani. Kisha mwishoni mwa 2024 shilingi ikapanda hadi karibu 2,400, na aliyekuwa amejaza ghala kwa dola ya bei mbaya akajikuta anashindana na aliyechelewa kuagiza.

Zamani muuzaji alijikinga kwa kutoa ankara ya dola. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zilizuia kutangaza na kulipa bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Maana yake ni kwamba anayeagiza kwa dola na kuuza kwa shilingi ndiye anayebeba hatari ya katikati. Akitoa bei leo kwa zabuni itakayoamuliwa baada ya miezi 3, na kulipwa baada ya miezi mingine 6, ametoa mkopo wa miezi 9 bila riba na bila kinga ya dola. Njia za kupunguza hatari ni za kawaida: bei yenye muda maalumu wa kutumika, malipo kwa awamu, na kutoagiza mzigo kabla ya mkataba kusainiwa.

Kuhusu kuchelewa kwa malipo, ni vema kutofautisha vyuo. Chuo cha umma kina bajeti ya Serikali na baadhi vina fedha za miradi. Mradi mkubwa ni ule wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya vyuo vikuu vya umma, MUST kikiwamo, ambao pamoja na majengo unagusa pia miundombinu ya teknolojia. Chuo binafsi kinaishi kwa ada, na sehemu ya ada hiyo hutoka Bodi ya Mikopo kwa awamu. Kwa hiyo msimu wa fedha wa chuo binafsi hufuata kalenda ya mikopo kuliko mwaka wa Serikali. Anayemdai mhasibu Agosti, wanafunzi wakiwa likizo, atazungushwa bure.

Anayetaka kuuzia chuo cha umma lazima awe amesajiliwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa Serikali ulioanza mwaka 2023. Humo kuna fungu la asilimia 30 kwa ajili ya vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, ambalo vikundi vingi vya mikoani havijalitumia ipasavyo. Na anayeuza mfumo, si kompyuta, akumbuke Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, inayozitaka taasisi za umma kufuata viwango vya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Programu nzuri isiyoweza kuzungumza na mfumo wa malipo wa Serikali haina soko huko, hata ikiwa ya bei chee.

Sababu ya nne ni watu, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote. Kijana anayeujua mfumo wa matokeo wa chuo hutakiwa na benki na kampuni za simu, zinazolipa zaidi. Akiondoka anaondoka na ufahamu wote, na wakati mwingine na neno la siri. Matokeo ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu yanaweza kukwama kwa sababu hiyo tu, naye hukosa cheti, hukosa usaili, na mdogo wake nyumbani husubiri. Duka linalouza kompyuta 50 na kuondoka halina jibu kwa hilo. Kampuni ndogo ya mafundi wanne yenye mkataba wa matengenezo kwa vyuo vitatu vya mji mmoja inalo, na mapato yake huja kila mwezi badala ya mara moja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitambua thamani ya kazi hiyo mapema: mwaka 1999 kituo chake cha kompyuta, UCC, kilifanywa kampuni inayouza huduma na mafunzo hata nje ya chuo.

Kwa mwenye mtaji mdogo, nafasi ya karibu zaidi bado ni steshenari. Ni ajabu, lakini kompyuta hazijaua karatasi. Mwombaji wa mkopo hujaza fomu kwenye mtandao, huichapa, huipeleka kwa serikali ya mtaa au kijiji na kwa wakili au hakimu ipigwe mihuri, kisha huirudisha kwenye mtandao kwa kuiskani. Katika safari hiyo fomu hupita dukani mara mbili. Hata kijana wa Mgololo ambaye hajawahi kuona geti la chuo kikuu huanza safari yake kwenye meza ya steshenari. Ila mwenye duka asisahau kwamba anabaki na namba za kitambulisho, vyeti na picha za watu kwenye kompyuta yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haimtazami mteja wa benki peke yake. Kufuta mafaili ya wateja kila jioni hakugharimu kitu.

Dirisha la mikopo kwa kawaida hufunguliwa kati ya Juni na Agosti. Anayetaka skana ya pili, wino na rimu za kutosha kwa msimu huo huagiza Mei, kabla foleni haijafika mlangoni na kabla bei ya jumla haijapandishwa.