Kujifungua si kuaga urembo

Wahenga walinena kwamba mzazi haachi ujusi. Nionavyo mimi, waliokuja na methali hiyo walikusudia kutukumbusha kuwa aliyezaa hana budi kuonekana amezaa, wala si haki kumlaumu kwa dalili za hali yake. Siku hizi mafunzo hayo yamesahauliwa. Mama aliyetoka uzazini huvutwa na pande mbili zinazopingana. Upande mmoja humtaka arudie umbo na mavazi yake ya usichana kabla mtoto hajaota jino la kwanza. Upande wa pili humwambia kwamba maadamu sasa ni mama, mapambo yamempita, basi ajitande leso yake iliyochujuka na kutulia. Mimi nazipinga rai zote mbili.

Tuanze na mwili, maana ndio unaovishwa. Nyumba ya uzazi huchukua takriban wiki 6 kurejea ukubwa wake wa awali, na misuli ya tumbo huhitaji muda mrefu zaidi. Nyayo za baadhi ya wanawake hupanuka wakati wa ujauzito na zisirudi tena, hata viatu vya zamani vikawabana daima. Matiti yanayonyonyesha hujaa na kupungua mara kadha kwa siku, na sidiria inayobana mno yaweza kuziba mirija ya maziwa, ikaleta uvimbe, maumivu na hata homa. Kwa hivyo, mama anayetafuta vazi lenye nafasi hadeki. Anailinda siha yake na riziki ya mwanawe.

Nayasema haya kwa kuwa yalinifika. Niliporejea kazini baada ya kumzaa kifungua mimba wangu, nilivaa magauni ya kitenge yenye vifungo kifuani, na leso mkobani. Mkubwa wangu aliniita faraghani akaniambia kwamba nimeanza kuvaa kama mwenda sokoni, na kwamba heshima ya ofisi ilidai nirudie suti zangu. Suti hizo hazikufunga kiunoni, wala hazikufunguka kifuani. Wakati huo nilikuwa nikikamua maziwa chooni, mgongo nimeuegemeza mlangoni kwa sababu komeo lilikuwa bovu. Juu ya hilo heshima ya ofisi haikuwa na la kusema.

Hebu tupige hesabu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi 3 yenye mshahara kamili. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Ina maana kwamba nusu ya muda huo mama mwajiriwa yuko kazini. Ndiyo sababu Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Yawaje basi sheria imruhusu mama kunyonyesha, halafu kanuni ya mavazi imshurutishe kuvaa nguo isiyomwezesha kufanya hivyo?

Wapo watakaodai kwamba haya ni mambo ya kisasa. La hasha! Lugha yetu yashuhudia kinyume. Mkaja ni kitambaa ambacho mwanamke hujifunga tumboni baada ya kuzaa, na ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Majina hayo mawili ndiyo pia majina ya ada anazopewa mama wa bibi arusi. Yaani mavazi ya uzazi yalitukuzwa kiasi cha kuwa shukrani ambayo bwana arusi humtolea mama mkwe wake. Naye Mwana Kupona binti Msham, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, hakuona aibu kumhimiza ajipambe akiwa mke ndani ya nyumba yake. Kweli, sababu aliyoitanguliza ni kumridhisha mume. Mimi naongeza nyingine: mwanamke ajipambe ili asijipoteze.

Hapo ndipo ninapokabiliana na upande wa pili. Huwasikia akina dada wakisema kwamba shilingi ya nguo ni heri inunue nepi. Siwalaumu, kwani maisha ni ghali. Lakini sihubiri israfu. Gauni la zamani laweza kupelekwa kwa fundi, likapasuliwa ubavuni na kuongezwa kipande cha kitenge. Gikomba na Kongowea mna blauzi za mitumba zenye vifungo mbele kwa bei nafuu. Hereni ndefu ambazo mtoto atazivuta zaweza kupisha vipini vidogo. Dera nalo ni vazi la raha, ila lile la kulalia lisiwe ndilo la kushindia na la kuendea dukani kila uchao.

La muhimu ni mama abakize kitu kimoja ambacho waliomjua kabla hajazaa watakitambua. Kwangu ni vilemba vya samawati. Kwa mwingine huenda ikawa hina, wanja, au rinda la maua. Hayati Profesa Wangari Maathai, aliyetuzwa Nobeli ya Amani mwaka 2004, alikuwa mama wa watoto 3, na vitenge na vilemba vyake vilijulikana ulimwenguni kote. Sijasikia mtu akidai vilimpunguzia usomi.

Nawasihi waajiri wamhukumu mama kwa kazi yake, na wampe chumba chenye komeo zima. Nawasihi waume wamshike mtoto nusu saa ili mama aoge na kusuka nywele zake bila haraka. Na ninyi mama wenzangu, acheni kumcheka aliyenenepa na kumsengenya aliyejipamba. Mwana hutazama kisogo cha nina. Binti anayemwona mamaye amejikatia tamaa hujifunza kwamba kuzaa ni kufutika, naye anayemwona amevaa kwa raha na kwa madaha huingia utu uzima bila hofu hiyo.